Ngozi Iliyobembelezwa

Mpira ulikuwa unakaribia kwisha, uwanja mzima wa Dodoma umesimama, na sauti ya Mihambo Kasanda ilikuwa inapanda kama moto wa nyika, pale bangili iliyokuwa mkononi mwake ilipobadilika kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa.

"Anakwenda, anakwenda, beki ameachwa anatafuta miwani yake!" Mihambo alinguruma kwenye kipaza sauti. Aliitupia bangili jicho moja, akaendelea kutangaza kana kwamba si mkono wake.

Kipepeo-dawa, kile chombo kidogo cha mabawa manne kinachosambaza dawa mjini, kilishateremka dirishani kabla mtu hajakiita. Mhandisi Nyemo Chilongani, aliyeketi nyuma ya mtangazaji, alipokea kichupa akakipachika kwenye bangili. Sindano yake ilikuwa nyembamba kama mdomo wa mbu. Hapo hapo goli likaingia, na Mihambo akalitangaza kwa pumzi moja ndefu iliyowaamsha hata watoto waliolala migongoni mwa mama zao.

Pumzi hiyo haikuwa yake. Mapafu yake mwenyewe yaliliwa na vumbi la mgodi enzi za ujana, na haya aliyokuwa nayo yalikuwa ya marehemu Twalibu, fundi wa vinu vya upepo aliyeanguka kutoka juu ya kinu chake. Figo moja la Twalibu lilikwenda kwa mwalimu wa Singida aitwaye Salome. Mapafu yakaja kwa Mihambo.

Lakini seli za kinga hazijui shukrani. Zikikutana na nyama ya mtu mwingine, haziulizi imekuja kuokoa au kuua. Hukusanyika, huitana, huwasha mwako: joto, uvimbe, maumivu. Mwako ukiachwa, kiungo kigeni huungua polepole mpaka kibaki kovu tupu. Na mapafu yamejificha ndani. Yanaweza kuungua mwezi mzima bila mwenyewe kujua. Ndiyo sababu kila aliyepewa kiungo alishonewa pia mkononi kipande cha ngozi ya mtu yule yule, kikaitwa kiraka-mlinzi. Ngozi ina hasira za karibu kuliko kiungo chochote. Seli zikianza uadui, hulia yenyewe kwanza, na daktari huwahi.

Kiraka hakikuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa bangili, na bangili ilikuwa ya Nyemo. Mashine za ng'ambo zilitafuta wekundu wa ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi zilikaa kimya hadi mgonjwa anafikishwa kaburini. Nyemo alimzika baba yake, naye aliyekuwa na kiraka, kwa kimya hicho. Akaapa. Akatengeneza msomangozi, bangili inayopenyeza mwanga chini ya weusi na kuzisoma seli zenyewe, zilivyo nyingi na zinavyokwenda. Kijani maana yake amani. Chungwa, hatari. Nyekundu, mkimbizeni.

"Umeona, mtani?" Nyemo alisema mpira ulipokwisha. "Ninyi Wanyamwezi mlizaliwa wapagazi. Mlibeba pembe, mkabeba vitambaa, sasa mnabeba hadi mapafu ya watu."

"Na ninyi Wagogo," Mihambo alijibu akijifuta jasho, "mlikuwa mnatutoza maji njiani. Leo unanitoza mkono. Hamjabadilika hata kidogo!"

Wiki ile ile Bi. Mwasiti, mama yake Twalibu, alikuja kutoka Kondoa. Sheria iliruhusu pande mbili kuonana zikikubaliana, na Mihambo ndiye aliyekuwa akiomba. Walikutana kwenye chumba cha wageni cha hospitali. Mama hakumtazama Mihambo usoni. Aliushika mkono wake, akaugeuza, akakitafuta kiraka. Pembeni mwa kiraka palikuwa na kovu dogo lililokunjamana.

"Hapa aliungua na pasi," alisema. "Nilimkataza, hakusikia. Hakuwa msikivu, mwanangu."

"Shikamoo, mama," Mihambo alisema, na sauti iliyotikisa viwanja ikawa ndogo.

"Marahaba, baba. Pumua nisikie."

Akapumua. Bi. Mwasiti aliweka sikio kifuani pake na kukaa hivyo muda mrefu, na Nyemo akageukia dirishani.

Mwako wa siku ya mpira ulikuwa umeacha alama. Kiraka kilikuwa kikavu, kimekakamaa, kinawasha. Mama alipitisha kidole juu yake, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na mgomvi wake wa zamani.

"Mmemrudishia ugonjwa wake. Twalibu alikuwa na pumu ya ngozi tangu ananyonya. Alijikuna mpaka damu. Mimi ndiye niliyekuwa namtuliza." Akatoa kopo la bluu mkobani, akachota mafuta kwa kidole, akakipaka kiraka taratibu, huku akiimba kwa chini wimbo wa kubembelezea mtoto.

Nyemo aliona. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Aliyaona mafuta, akasikia harufu ya karafuu, akajisemea: ni mafuta tu, mwache mama apake. Nani angekuwa na moyo wa kumzuia?

Baada ya siku ile msomangozi wa Mihambo haukutoka tena kwenye kijani. Mstari wa seli zake, uliozoea kupanda na kushuka, ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Nyemo aliupeleka kwenye mkutano wa wanasayansi, akausimamisha ukutani mbele ya watu waliowahi kumcheka. "Huu," alisema, "ndio mwili uliokubali mgeni." Ukumbi ukapiga makofi. Daktari Lusajo, mzee bingwa wa mapafu, peke yake hakupiga.

"Ngozi iliyo hai hainyooki hivi, Nyemo," alimwambia mlangoni. "Hata yako na yangu hunung'unika kidogo. Niruhusu nimpitishie kamera kifuani."

"Kumtia mtu bomba kooni kwa sababu ana afya njema, daktari? Ndiyo mateso niliyotengeneza bangili ili yaishe."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," mzee akasema, akaenda zake. Nyemo alidhani amesutwa kwa kiburi chake tu. Hakujua kwamba methali ile ilishapata mama.

Mihambo akaanza kukatisha sentensi. Wasikilizaji walidhani ni mtindo mpya, vijana wakamuiga mitaani. Ngazi za uwanjani akawa anazipanda kwa vituo. "Vumbi la Dodoma, mtani," alisema. "Ardhi yenu inanila mzima mzima." Nyemo alitazama bangili. Kijani. Naye akaamini kijani, akakiamini kuliko kifua kilichokuwa kinapiga filimbi mbele yake.

Siku ya fainali, mpira ukiwa umevuka mstari, nchi nzima ilingoja neno lake. Neno halikuja. Redio zilibaki na kelele za watu tu. Mihambo alikuwa ameangukia meza, midomo imekuwa ya kijivu, na mkononi mwake bangili ilikuwa inawaka kijani kibichi, kizuri.

Kamera ya Daktari Lusajo ilionyesha kovu juu ya kovu. Njia za hewa zilikuwa zimezibwa na vita ambavyo hakuna aliyevisikia. Mapafu mengine hayakuwapo, na hata yangekuwapo, mwili ule haungestahimili kisu tena.

Nyemo alikwenda kukaa kitandani kwa Mihambo, na juu ya kabati akaliona kopo la bluu. Alilifungua. Karafuu. Moyo wake ulijua kabla ya kichwa.

"Unajipaka haya?"

"Asubuhi na jioni," Mihambo alisema kupitia barakoa, akivuta hewa kila baada ya neno. "Mama huniletea... Ijumaa. Hunipaka... mwenyewe. Yanatuliza, mtani. Hayawashi... tena."

Maabara haikuchukua muda. Muuzaji wa sokoni Kondoa alikuwa akisaga vidonge vikali vya kuzima mwako na kuvichanganya na mafuta na karafuu. Ndiyo maana yaliponya haraka, ndiyo maana yalipendwa. Juu ya pumu ya ngozi ya mtoto yalileta nafuu. Juu ya kiraka-mlinzi yalimziba mlinzi mdomo. Seli zilifukuzwa pale pale kwenye kiraka tu, chini ya kidole cha mama, na kwingine kote zikaendelea kuchoma. Msomangozi haukusema uongo. Ulisoma ngozi, na ngozi ilikuwa imelazwa usingizi.

Nyemo alimweleza Mihambo yote, kwa sababu Mihambo ndiye aliyeuliza. Mihambo alifumba macho. Nyemo alitegemea hasira, akaitaka hata, ipate kumwangukia.

"Usimwambie," Mihambo alisema.

"Ana haki ya—"

"Amezika... mara moja. Mtoto mmoja... anatosha. Niahidi." Akamshika kidole. "Sema ni mashine. Mashine... haina mama."

Nyemo akaahidi. Baadaye kidogo Mihambo akatabasamu chini ya barakoa. "Mtani. Mpagazi... anatua mzigo."

Hakusema tena.

Bi. Mwasiti alifika asubuhi, amejifunga khanga mbili, macho makavu ya mtu aliyelia njia nzima. Mwili wa Mihambo ulikuwa haujaondolewa kitandani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkono. Mwili mzima ulikuwa umepauka, lakini kiraka kilikuwa laini, kinang'aa, kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Tazama," alisema, "sehemu hii haikuugua hata kidogo. Sasa kwa nini amekufa?"

Nyemo alikuwa na jibu lililoandaliwa. Lingemgharimu bangili yake na jina lake, na alikuwa radhi. "Ni mashine yangu, mama," alisema. "Mashine ndiyo iliyokosea."

Mama alimtazama kwa huruma, jambo ambalo Nyemo hakulitegemea, likamkata maini. "Usijilaumu, mwanangu. Ulifanya ulichoweza, nami nikafanya changu." Akakipapasa kiraka. "Nashukuru bado amebaki Salome wa Singida. Yeye naye nilikuta kiraka kinamsumbua, nikampelekea kopo lake. Juzi kanionyesha. Laini hivi hivi. Ijumaa nampelekea lingine."

 Nyemo alitoa kioo chake kinachopokea habari za bangili zote, akatafuta jina la Salome. Mstari ulikuwa kijani, umenyooka, umenyooka, umenyooka. Aliwapigia hospitali ya Singida, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema mleteni sasa hivi, msiitazame bangili, tazameni figo. Upande wa pili nesi akauliza kwa mshangao: mbona yuko kijani?

Alipokata simu Bi. Mwasiti alikuwa amesimama, kopo mkononi, kifuniko kimefunguka.

"Salome ana nini? Wewe, mbona unanitazama hivyo?"

Angenyamaza, mama huyu angepanda treni ya Ijumaa. Si kwa Salome tu: angempa jirani, angempa kila mwenye kiraka kinachomwasha, kwa mkono ule ule wenye upendo. Nyemo alimtazama Mihambo, kama mtu anayeomba radhi kwa deni ambalo hatalilipa kamwe.

"Mama," alisema, "kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Naye akasema. Alisema kwa maneno madogo, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Bi. Mwasiti hakulia. Alikiinua kidole chake, kile cha kupakia, bado kinang'aa mafuta, akakitazama kana kwamba ameshonewa kutoka kwa mtu mwingine, na mwili wake mzima unakikataa.