Flashi Iliyozikwa Kwenye Chumvi

Kila asubuhi kabla ya shule, Keren aliteremka ufukweni mwa ziwa, Gatete, kuchota maji, huku mama yake, Elda, akianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, nyumbani. Ijumaa hiyo alivaa shingoni kitu alichokatazwa kukigusa: flashi ya mama. Alitaka tu rafiki yake Salme aione.

Ndani ya flashi kulikuwa na picha ya Akonkwa, kaka yake Keren, aliyepotea walipokimbia mapigano. Picha ya karatasi iliungua pamoja na nyumba. Iliyobaki ni hiyo tu. Jumatatu wangekuja watu wanaotafuta watoto waliopotea, nao walitaka kuuona uso wake.

"Weee! Umekuwa sekretere wa ofisini?" Salme alimtania.

Mara risasi zikalia milimani. Wakajitupa ziwani, wakajibanza kwenye matete, maji yakiwafika kidevuni. Kulipotulia, flashi ilikuwa inachuruzika maji.

"Mama ataniua," Keren alisema, meno yakigongana.

"Tuitie chumvi kama samaki," Salme alisema. "Chumvi inanyonya maji yote."

Wakaizika kwenye kopo la chumvi. Darasani Keren hakusikia hata somo moja. Kila mlango ulipojigonga, aliruka. Hakujua anaogopa risasi au anamwogopa mama. Saa sita akarudi mbio.

"Mama, nisamehe. Nimemzamisha Akonkwa."

Elda akashika ukuta. Hakumpiga. Alijifunga kitenge, wakaitoa flashi kwenye chumvi, akamshika mkono, wakaenda Rumonge mjini kwa Mzee Darwesh, fundi wa kompyuta, wakishtuka kila pikipiki ilipopita.

"Mumeichomeka mahali?" Darwesh aliuliza.

"Hapana, baba," Keren alijibu.

"Afadhali. Ingechomekwa na maji ndani, ingeungua."

Akaifungua, akaosha chumvi yote kwa spiriti, akaiacha ikauke siku mbili. Siku hizo Elda hakumeza chakula.

Jumapili Darwesh akaichomeka. Kioo cha kompyuta kikabaki cheusi. Keren akafumba macho.

"Ni huyu?" Darwesh aliuliza.

Akonkwa alikuwa anawatazama, na lile jino lake lililovunjika.

"Flashi ni ngumu," Darwesh alisema. "Inaanguka, inalowa, inapona. Lakini chumvi ingekaa humo siku nyingi, ingekula chuma chake. Mama Keren, nakutolea nakala ya pili. Picha kama hii haikai mahali pamoja tu."

"Murakoze, asante sana, Mzee," Elda alisema.

Njiani Elda alisimama. Akamgeukia binti yake.

"Keren, vita imetunyang'anya vingi bila kosa letu. Wewe ukikosea, kimbia uniambie siku hiyo hiyo, hata ukiwa unatetemeka. Ungenyamaza mpaka Jumatatu, tungempoteza kaka yako mara ya pili."