Barakoa ya Shanga Arobaini

Tangu shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa mlipuko, kila asubuhi Sindano aliosha vyombo, akafagia uwanja, kisha akaketi karibu na cherehani ya mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo walimpa watu wa nyumbani, kwani haikupita siku bila yeye kushona kitu. Mama yake, aliyekuwa fundi wa nguo, alimfundisha kushona barakoa zenye kitambaa cha pamba nje na ndani, na bitana katikati. Majirani walizisifu mno. Sifa zile zikamwingia Sindano kichwani, zikapanga chumba na kuhamia kabisa.

Jumatatu moja nyumba nzima iliamka kwa shangwe. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa anaanza kazi kwenye kituo cha afya. Wahudumu kadhaa walikuwa wameugua, na kituo kilihitaji mtu wa kusimama mlangoni, kuwapima watu joto na kuwaelekeza. Alikuwa amepewa wiki moja ya majaribio. Akifanya vizuri, kazi ni yake.

Mtaani Mama mdogo aliitwa Maridadi, na jina halikumwonea. Alikuwa na kucha ndefu nyekundu na hereni za duara zilizogusa mabega. Lakini muuguzi mkuu wa kituo alikuwa amempa masharti: kucha fupi, hereni zibaki nyumbani, nywele zifunikwe, barakoa muda wote.

"Kucha zangu jamani!" alikuwa amelia Jumamosi iliyotangulia, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu wa kweli. "Nimezilea kama watoto."

"Watoto hukua wakahama," Mama alimjibu. "Lete mkasi hapa."

"Haya, katakata! Lakini barakoa iwe nzuri, maana ndiyo sura yangu sasa."

Sindano aliyasikia maneno hayo, moyo ukamruka kwa furaha. Siku hiyohiyo alianza kushona barakoa mbili zinazofanana, moja ya Mama mdogo na moja yake mwenyewe. Juu ya kila moja alipanga shanga arobaini kwa umbo la ua. Tatizo likawa bitana. Sindano ya kushonea ilishindwa kupenya tabaka tatu, ikapinda mara mbili. Msichana akatazama huku na huku, akaitoa bitana. Kazi ikaenda kama maji. Nani angejua?

Jumatatu asubuhi Mama mdogo alipoivaa barakoa yake, alipiga kigelegele, akazunguka mbele ya kioo mara tatu.

"Mwanangu, umenipamba kama bibi harusi!"

"Umetia bitana?" Mama aliuliza huku akipiga pasi.

"Ndiyo, Mama," Sindano alijibu, macho yakiwa sakafuni.

Mama mdogo akaondoka kwa madaha. Haukupita muda, mdogo wake Sindano, mvulana wa miaka minane, akaichukua ile barakoa ya pili. Mama alikuwa na desturi yake: kila barakoa iliyokwisha kushonwa ilijaribiwa kwa mshumaa, ingawa kwa haraka ya asubuhi hiyo ile ya Mama mdogo ilisahaulika. Unaivaa, unapuliza, na moto ukizimika, barakoa haifai. Mvulana aliupenda mchezo huo kuliko mpira. Akawasha mshumaa, akavaa, akapuliza.

Puu! Moto ukazimika mara moja.

"Dada!" alipiga kelele huku akicheka. "Yako inavuja kama chujio!"

Sindano hakucheka. Aliinyanyua barakoa kuelekea dirishani, akaona mwanga ukipenya kwenye tundu za sindano, shanga kwa shanga. Mama mdogo angesimama mlangoni hadi jioni, watu wakimkoholea usoni. Angesema ukweli, huenda kazi ikapotea siku ya kwanza. Angenyamaza, huenda kikapotea kikubwa kuliko kazi. Alipiga moyo konde, akamwendea mama yake.

"Mama, nilikudanganya. Sikutia bitana. Ile ya Mama mdogo haifai kabisa."

Mama aliweka pasi chini. Akachukua barakoa tatu zilizojaribiwa, akazitia kwenye mfuko safi.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema. "Vaa moja, peleka mbili. Kimbia!"

Sindano alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Alifika kituoni akihema, akakuta watu wamejipanga, kila mmoja amesimama kwenye alama yake. Mama mdogo alikuwa mlangoni, ameshika kipimajoto, na muuguzi mkuu kando yake akimwelekeza. Mzee aliyekuwa mbele kabisa ndiyo kwanza ananyanyua mguu kusogea.

"Mama mdogo, rudi nyuma!" Sindano alipaza sauti. "Barakoa yako haikingi!"

Foleni nzima iligeuka. Muuguzi mkuu alimnyooshea mzee mkono asubiri, kisha akamkabili Sindano.

"Unasema nini wewe mtoto?"

"Niliishona mimi, Sista. Nilitoa bitana ili shanga zikae vizuri, halafu nikasema uongo. Tumeijaribu nyingine kama hiyo kwa mshumaa, moto umezimika." Machozi yalimlengalenga. "Nimeleta nzuri. Tafadhali msimfukuze."

Muuguzi mkuu alimpeleka Mama mdogo pembeni, akamwambia anawe mikono na kubadilisha barakoa. Hiyo mpya ilikuwa ya buluu tupu, haina hata ua moja. Mama mdogo hakunung'unika.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilitazama shanga, sikuuliza kilichomo ndani."

Lakini kukawa na kasheshe nyingine. Kilemba alichofungia nywele kilikuwa kimefunika masikio, na mipira ya barakoa iliteleza juu ya kitambaa. Kila iliposhuka, mkono wa Mama mdogo ulipanda kuirudisha.

"Usiguse uso!" muuguzi mkuu alionya. "Hiyo ni mara ya tatu. Dada, nakuhitaji sana, lakini kwa namna hii nitalazimika kukurudisha nyumbani."

Sindano alikitazama kile kilemba, na wazo likamjia ghafla hadi akaruka. Aling'oa vifungo viwili vikubwa vya sweta lake, akaomba maji na sabuni, akanawa mikono na kuviosha vifungo. Kisha akachomoa sindano na uzi kutoka kwenye kibweta, kisanduku kidogo alichotembea nacho mfukoni daima, akavishona kilembani, kimoja juu ya kila sikio.

"Sasa ning'iniza mipira hapa."

Mama mdogo akaning'iniza. Akainama, akainuka, akatikisa kichwa kulia na kushoto. Barakoa ilitulia tuli.

"Lo! Na masikio hayavutwi!" alisema.

Muuguzi mkuu aliyapapasa masikio yake mwenyewe, yaliyokuwa mekundu kwa kuvutwa na mipira miezi mitatu. "Hebu anza kazi," alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yakacheka.

Mzee alisogea. Kabla hajafungua kinywa, kikohozi kizito kilimtoka, akainama mpaka magotini. Kipimajoto kikalia na kuwaka taa nyekundu. Mama mdogo hakubabaika. Alimpa mzee barakoa, akamwongoza kwa upole hadi chumba cha kutengea wagonjwa. Sindano aliwasindikiza kwa macho. Angechelewa dakika mbili tu!

Muuguzi mkuu aliinama karibu naye.

"Umeona mwenyewe," alisema. "Kupendeza si kosa. Kilemba kiwe na maua, vifungo viwe vya rangi yoyote upendayo, mradi vifuliwe kila siku. Lakini katika kazi hii kinga hutangulia, urembo hufuata. Mwenye kuvaa haoni bitana, mwanangu. Anamwamini aliyemshonea."

"Sitarudia, Sista."

"Najua. Mtu anayekimbia hivyo kuja kukiri kosa lake hahitaji kuapishwa. Sasa mwambie mama yako kwamba wahudumu wangu ni wanane, na wote masikio yanawauma. Tunataka vilemba vyenye vifungo."

Sindano aligeuka, akarudi nyumbani kwa mbio zilezile, sweta wazi kifuani, akihesabu kichwani vitambaa vya vilemba vinane njia nzima.