Gari Lililoshuka Bei Desemba

Mwili wa Mzee Wenseslaus ulionekana Alhamisi, tarehe 19 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mtaro wa barabara, Kiboriloni. Aligongwa na gari. Kando yake polisi waliokota kipande cha taa, na kabla ya saa tatu walishamkamata Gidioni, jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Pikapu ya Gidioni ilikuwa na taa ya kushoto iliyopasuka.

Dominika, mke wa Gidioni, muuza ndizi sokoni hapo, alijua taa hiyo ilipasuka tangu masika. Lakini nani angemsadiki mke? Ndugu za marehemu walishasema wazi: Gidioni akitoka, watamchoma pamoja na nyumba yake. Dominika alikwenda kituo cha polisi.

"Afande, naomba nikione hicho kipande."

Inspekta Aikaeli, mwanamke mpole wa maneno machache, alikiweka mezani kikiwa ndani ya nailoni. Dominika akakibonyeza. Kikapinda.

"Hii plastiki, afande. Taa za pikapu yetu ni kioo."

"Nimeliona hilo. Ila nusu ya magari ya Moshi yana taa za plastiki. Niletee gari lenyewe, mama."

Gari lilijileta lenyewe, kwenye simu. Ijumaa mchana yadi moja ya kuuza magari, barabara ya Himo, ilitangaza kwenye kundi la wafanyabiashara: gari la toleo la mwaka juzi, halijatumika, limeshushwa milioni sita, mwisho Jumapili. Wenzake walishangilia. Dominika alilisoma tangazo mara mbili. Wiki ya Krismasi, Wachagga wakirudi nyumbani, hakuna kinachoshuka bei Moshi: si mbuzi, si ndizi, sembuse gari la kwenda nalo kwa wazee. Miaka ishirini ya sokoni ilimfundisha kwamba anayeshusha wiki hiyo anaficha kibovu.

Alimwonyesha Inspekta tangazo hilo, na Jumamosi saa nne akaingia yadi kama mnunuzi. Inspekta alibaki ndani ya gari lake, ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo, mama." Jovin, msimamizi wa yadi, alikuwa kijana mtanashati.

"Marahaba, mwanangu. Hili ndilo lililobaki?"

"Ndilo. Mwaka na nusu liko juani hapa, halijatoka getini. Milioni thelathini na mbili."

"Ishirini na tano," Dominika alisema. Ilikuwa bei ya matusi, na muuzaji yeyote angemcheka.

Jovin hakucheka. "Litaondoka leo?"

"Leo hii. Nampelekea shemeji yangu, Holili."

"Mpakani? Basi chukua, mama."

Hata mkungu wa ndizi hauuzwi kwa maneno machache hivyo. Dominika akainama mbele ya gari. Taa ya kulia ilikuwa imepauka kwa jua, ya kushoto inang'aa.

"Mbona hii mpya?" Maneno yalimponyoka.

Jovin alitazama geti, akamtazama yeye. "Ingia tulijaribu," alisema taratibu, huku amemkamata mkono. Alimsukumia ndani, akazunguka akaketi kwenye usukani. Milango ikajifunga. Gari likaanza kutembea, na Dominika aliogopa hata Baba Yetu ikampotea.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kukauka, "mume wangu yuko ndani kwa ajili yako. Ulimgonga Mzee Wenseslaus."

Gari la Inspekta likaziba geti. Jovin akakanyaga breki, akalaza kichwa kwenye usukani.

"Nililichukua bila tajiri, mwenye yadi, kujua," Jovin alisema, Inspekta alipofungua mlango. "Nilitaka ukweni, Marangu, wanione nimefika na gari jipya. Alfajiri nikilirudisha, mzee akatokea. Taa iliyovunjika iko stoo."

"Alikufa palepale?" Inspekta aliuliza.

Jovin akatikisa kichwa.

"Alikuwa hai. Ningempakia, damu ingeharibu viti, tajiri angejua. Alinishika suruali, akaniita mwanangu." Akamgeukia Dominika. "Kama ulivyoniita wewe, mama."

Saa tisa Gidioni aliachiwa, na Inspekta mwenyewe akaenda kuwaeleza ndugu za marehemu. Njiani Gidioni aliuliza gari lenyewe likoje. Dominika hakukumbuka hata rangi yake. Alikumbuka viti tu: vilikuwa bado vimefunikwa nailoni ya kiwandani, na damu yote ya mzee ingefutika kwa kitambaa na maji.