Majora Sita ya Hersent

Tangu Kwaresima hadi mavuno, Hersent wa mji wa Arras alisokota sufu. Renier, mumewe, alifuma. Wakapata majora sita ya kitambaa cha buluu. Hayo ndiyo yangewapa watoto wao wanne mkate msimu mzima wa baridi.

Wakayapakia kwenye mkokoteni, wakashika njia ya gulio la mji wa Amiens. Walipita katika ardhi za mabwana watano. Kila bwana alikuwa na kizuizi chake, na kila kizuizi kilitaka ushuru. Kwenye ardhi ya bwana wa sita, gurudumu liliingia shimoni likavunjika. Majora yote yakaanguka matopeni.

Askari wa ngome wakatokea mara moja. Walikuwa wamejificha kichakani wakingoja.

"Kilichogusa ardhi ya bwana ni cha bwana," alisema mmoja wao, Gaucher, huku akicheka. "Ndiyo desturi."

"Desturi ya kuchimba mashimo njiani?" Hersent alifoka. "Wezi wakubwa nyie!"

"Shukuru hukuanguka wewe, mama. Ungekuwa wetu pia."

Wakabeba kila kitu.

"Tumpelekee bwana bata bukini wawili," Renier alisema kwa sauti ya chini. "Labda atalainika."

Hivyo ndivyo watu wa njia ile walivyozoea. Waliibiwa, kisha wakambembeleza mwizi.

"Bata? Nimpikie na mchuzi kabisa?"

Walifika gulioni mikono mitupu, wakamkuta jirani yao Josse, karani aliyewaandikia wafanyabiashara barua. Akawasikiliza mpaka mwisho.

"Bata wenu kuleni wenyewe," alisema. "Mabwana hawa wanatuweza kwa sababu kila mji unalia peke yake. Arras wakilia, Amiens wanacheka. Sasa, mfalme anataka kuwazidi nguvu mabwana hawa. Sisi tunataka njia salama. Tumwendee pamoja. Tumlipe yeye ushuru mmoja, aajiri askari wake, aweke sheria moja kwa nchi nzima."

"Kwani mfalme naye si bwana tu?" Hersent aliuliza.

"Ni bwana, Hersent. Lakini bwana mmoja unaweza kumdai haki. Sita utawamaliza lini?"

Josse akaandika barua kwa mfalme, na Hersent akapita nayo banda kwa banda. Wafumaji wa Amiens walimcheka.

"Mambo ya Arras hayatuhusu. Wewe ni mgeni hapa."

"Mgeni?" Hersent aliwaka. "Shimo lile liliniuliza natoka wapi? Kesho ni gurudumu lenu, mbuzi nyie!"

Walinuna. Lakini waliijua njia ile, na mwishowe wakaupiga mhuri wao kwenye barua. Miji mingine minane ikafuata.

Kabla theluji haijaanguka, ofisa wa mfalme alifika ngomeni na amri. Desturi ile imefutwa. Mali ya watu irudishwe. Bwana wa ngome alisimama mlangoni, uso umemwiva, huku majora yakitolewa nje. Hersent akayahesabu.

"Matano. La sita liko wapi?"

Ndipo alipomwona Gaucher. Alikuwa amevaa joho jipya la buluu na kofia ya buluu.

"Vua," alisema Hersent.

Gaucher akamtazama bwana wake. Bwana wake akamtazama ofisa wa mfalme. Ofisa akaitikia kwa kichwa.

Gaucher akalivua joho palepale, baridi ikimpiga.

"Na kofia."