Soda ya Mizizi Kivukoni Garsen

Jumamosi, tarehe 9 Februari, mwaka 1957. Asubuhi hiyo mbingu ya Garsen haikuwa na wingu hata moja. Upepo ulikuwa umekufa. Mto Tana ulikuwa umepungua hadi migongo ya mchanga ikaonekana, na kabla ya saa tatu vyuma vya kivuko vilikuwa haviguswi kwa mkono.

Watu walijaa wakingoja kuvuka: wachuuzi wa samaki wakavu, wachungaji na fimbo zao, wanawake wenye mikungu ya ndizi. Kando ya njia, katika kibanda cha makuti, alisimama kijana wa Kipokomo kutoka Wenje aitwaye Jilo. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, na kikoi chake kilikuwa safi kana kwamba ni siku ya Idi. Mbele yake palikuwa na meza na gilasi sita. Nyuma yake ilisimama friji ya mafuta ya taa, ambayo wengi walikuja kuigusa tu, kisha wakacheka na kujipaka ule ubaridi usoni.

Friji hiyo aliachiwa na mhandisi mmoja Mmarekani aliyekuja kupima maji ya mto. Jilo alikuwa mpishi wake. Mke wa mhandisi alimfundisha kinywaji wanachokipenda kwao siku za joto: maji, sukari, dawa nyeusi ya mizizi itokayo huko kwao katika vichupa, na chembe za hamira ili kipate povu. Juu yake huelea donge la maziwa yaliyogandishwa. Jilo alikiita soda ya mizizi.

Siku hiyo maziwa yake yalikuwa yamechacha kwa joto. Alipoinua macho akamwona msichana wa Kiorma akishuka kutoka kivukoni na kibuyu cha maziwa mgongoni. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka nyeupe ya kitambaa cha marekani begani, na bangili za shaba zikilia mkononi kila alipopiga hatua.

"Dada, maziwa hayo yanauzwa?"

"La, nayatembeza yaone mji," akajibu msichana. Waliokuwa karibu wakacheka. "Na wewe Mpokomo, unauza nini? Dawa ya tumbo?"

"Onja kwanza, ndipo utukane."

Akammiminia nusu gilasi. Msichana akanusa, akakunja pua, akanywa. Povu likambaki juu ya mdomo.

"Inauma ulimi," akasema. "Kama siafu. Lakini siafu wa baridi."

"Basi wewe unaitwa nani, mla siafu?"

"Qabale, binti Jaldesa. Na nikileta maziwa utayalipa, hutanilipa kwa siafu."

Jilo akanunua kibuyu kizima. Jioni alipoyagandisha yale maziwa akakuta yana harufu ya moshi, maana wanawake wa Kiorma huvifukiza vibuyu vyao kwa kuni zenye harufu nzuri. Alidhani wateja watayakataa. Kumbe kesho yake waliuliza, "Yale ya moshi yako wapi?" Tangu hapo hakununua maziwa kwa mtu mwingine.

Garsen haikuwa na simu. Simu yao ilikuwa mto. Qabale husimama ng'ambo, akaweka viganja mdomoni, akaita:

"Jiloo! Leo nilete vibuyu vingapi?"

"Viwili! Na mwenyewe ujilete!"

"Mimi siuzwi!"

"Basi nikopeshe!"

Gunga, mzee mnene mwenye kuvuta kamba ya kivuko, alitikisa kichwa. "Nyinyi mnaongea mbele ya malori na ng'ombe. Hamna aibu?"

"Mzee Gunga, ukitaka siri, tununulie mtumbwi," Jilo akamjibu.

Jambo moja katika kazi ya Jilo liliwachekesha watu. Kila siku ya tatu alichukua chupa zote zilizobaki, akazimwaga mtoni. Alikuwa amemwuliza mwalimu wa msikiti juu ya ile hamira, naye akamwambia, "Siku mbili ni kama unga wa mkate. Siku ya tatu mwaga, usijaribu." Jilo alimcha Mungu, akashika neno hilo bila kukosa hata mara moja.

"Samaki wa Garsen wanakunywa kuliko sisi," Gunga alinung'unika.

Mwisho wa Machi, Jilo alimwambia Qabale, "Nataka kwenda kwa baba yako."

Qabale akaacha kucheka. "Baba hawapendi wakulima. Anasema mtu asiye na ng'ombe ni kama nyumba isiyo na mlango."

"Mimi nina friji."

"Friji haizai, Jilo." Kisha akamgusa kiwiko kwa haraka, mtu asione. "Nipe chupa tatu. Yuko malishoni, akirudi kesho nitamkaribisha nazo. Akipenda, nitamwambia ni mkono wako. Moyo wa mzee hufunguka akishiba."

Jilo akampa chupa tatu. "Zinywewe leo au kesho, mpenzi. Zisilale."

"Nimesikia, mzee wa samaki."

Lakini Jilo hakumwambia kwa nini. Furaha ilimjaa kifuani, ikalifunika neno lile moja. Na Qabale alidhani ni mzaha wake wa kila siku.

Jaldesa alichelewa malishoni. Qabale aliona vizibo vinasukumwa na povu, akaogopa chupa zisipasuke. Akamimina soda yote katika kibuyu kikubwa, akakitundika karibu na moto ambapo hutundika vitu vya thamani. Na kwa kuwa baba yake alipenda vitamu, akatia humo asali, vikombe viwili, pamoja na vipande vya nta. Kikakaa siku kumi na mbili.

Ilikuwa siku ya tisa ya mfungo. Jua lilipozama, Jaldesa alikula tende tatu, akapokea kibuyu kwa binti yake, akanywa kwa kiu ya mtu aliyetembea juani mchana kutwa. "Alhamdulillahi," akasema. "Hiki ni kitamu. Ongeza." Akaongeza, akaongeza tena.

Kisha akasimama kuswali na jirani zake uwanjani. Katika rakaa ya pili alisujudu, naye hakuinuka. Wakasikia anacheka. Mzee yule, ambaye hajakosa sala tangu utoto, alikuwa ameweka paji la uso chini akicheka kama mtoto. Walipomwinua akaanguka ubavu.

Asubuhi wazee walikutana msikitini. Jilo akaitwa. Jaldesa aliketi pembeni, kilemba kimeshuka usoni, hamtazami mtu.

"Hii ni kazi yako?" mwalimu akauliza, akampa kile kibuyu.

Jilo akakisogeza puani, akanusa. Pua yake ikapambanua kitu ambacho hakukitia yeye. Akainamisha kibuyu, akaona kipande cha nta kimenata ukingoni. Akajua yote. Palikuwa na mtu mmoja tu katika boma la Jaldesa ambaye angemtilia mzee asali kwa mapenzi. Akisema neno moja, yeye atatoka hapo safi, na Qabale ataitwa binti aliyemlewesha baba yake katika mwezi mtukufu.

"Kinywaji ni changu," akasema. "Kosa ni langu. Sikueleza ilivyopasa."

"Nilikuambia siku ya tatu umwage. Ulijua kinalevya?"

Jilo akanyamaza. Na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa jibu.

Wakakata neno: asiuze tena kitu Garsen, na ushahidi wake usipokewe kwa jambo lolote, maana muuza pombe hana uadilifu. Papo hapo Jaldesa akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Sora wa Nanighi ameniposa binti mara mbili," akasema. "Nimempa. Someni Fatiha, tuufunge uchumba." Wakasoma, naye Jilo akiwa bado amesimama mlangoni, viatu mkononi.

Qabale alimkuta kivukoni anapakia gilasi katika sanduku.

"Ni kweli umekubali?" akauliza. "Umesema ni wewe?"

"Nimesema."

"Mimi niliapa mbele ya majirani kwamba si kweli! Nilisema, Jilo hawezi. Kumbe ulinipa haramu nimpe baba yangu kwa mkono wangu huu! Alicheka katika sijda, Jilo. Unajua leo anafanya nini? Anajipiga mdomo kwa kiganja."

"Nisamehe."

"Nieleze, nisikusamehe bure."

Jilo alimtazama. Machozi yalikuwa yamechora njia katika vumbi la mashavu yake.

"Sina la kueleza, Qabale. Mungu akulinde."

"Basi nenda," akasema. "Nenda na siafu wako."

Friji akamwachia Gunga, ambaye hakujua kuiwasha. Mwenyewe akapanda lori la Wenje, akarudi kulima mpunga wa baba yake.

Mvua zilikuja. Idi ikapita, na Qabale hakuvaa kitu kipya. Siku moja alikuwa akivuka na maziwa, na Gunga akavuta kamba kimya kimya hadi katikati ya mto, ndipo akasema:

"Mwanangu, kuna jambo linanisumbua. Siku ile ulipochukua chupa tatu, mimi nilichukua nne za kapu lile lile. Nikanywa na mke wangu na shemeji zangu. Hakuna aliyeona hata kizunguzungu."

"Lini mlikunywa?"

"Siku ile ile. Jilo alitukataza kulaza. Husema ikilala hamira inakula sukari, inageuka pombe. Ndiyo maana alikuwa anamwaga. Wewe hakukueleza?"

Qabale akashika ukingo wa kivuko. "Inakula sukari," akarudia. "Na asali je?"

"Asali? Asali ni baba wa sukari."

Hakushuka ng'ambo. Alirudi na kivuko kile kile, akaenda moja kwa moja hadi kwa baba yake, akapiga magoti.

"Baba, niliilaza mimi. Siku kumi na mbili. Na asali nilitia mimi, ili uifurahie. Jilo alinusa akajua, akanificha."

Jaldesa aliiweka tasbihi chini.

"Kijana yule alibeba aibu yangu na yako," akasema, "nami nikamtemea mate. Mwiteni."

Jilo alikuja kwa mtumbwi, mto ukiwa umefurika na kuchukua miti mizima. Jaldesa alimpokea ufukweni, akamshika mikono yote miwili mbele ya watu.

"Mwanangu, nimekudhulumu. Nimefikiri namna ya kulisafisha jina lako, nimeiona moja. Ndoa ya binti yangu ni Ijumaa. Shahidi wa ndoa lazima awe mtu mwadilifu. Nataka uwe shahidi, ili Garsen nzima ijue ushahidi wako unapokewa. Najua nakuomba nini. Lakini nimempa Sora neno, na Fatiha imesomwa. Ni mtu mwema. Sina njia ya kurudi."

Jilo akaomba kwanza aseme na Qabale. Wakaruhusiwa kusimama karibu na kivuko, Gunga akiwaona.

"Umekonda," Qabale akasema.

"Na wewe huchekeshi tena."

"Kwa nini hukuniambia, Jilo? Nilikutukana wewe, moyo wangu, nawe unajua ukweli."

"Ningekuambia, ungekwenda kusema siku ile ile. Nakujua."

"Nimesema sasa."

"Ndiyo. Na mimi sikukueleza juu ya hamira. Kwa hiyo tumekosa wote wawili." Akatazama maji. "Qabale, mwalimu atakuuliza kama umeridhia. Ukikataa, hakuna wa kukulazimisha. Mtumbwi wangu upo. Tutavuka."

Qabale akautazama mtumbwi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na kila kitu alichokitaka kilikuwa hatua nne kutoka aliposimama.

"Baba ameanguka mara moja mbele ya watu, kwa mkono wangu," akasema. "Tangu siku ile haswali na wenzake; anaswali nyuma ya zizi. Nikimvunjia neno lake, hatainuka tena. Nimeomba usiku na mchana Mungu anionyeshe njia nyingine. Hajanionyesha."

"Basi unataka niwe shahidi?"

"Nataka awe mtu nitakayejua sauti yake," akasema Qabale. "Nisije nikatetemeka."

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walijaa katika boma la Jaldesa. Sora, mtu wa makamo aliyefiwa na mke, aliketi kwa adabu katika kanzu mpya. Jaldesa aliketi safu ya mbele, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi hapo tangu Ramadhani. Mwalimu aliondoka na mashahidi wawili, Gunga na Jilo, hadi kwenye nyumba ya nyasi alimofichwa bibi harusi. Mkeka ulikuwa umetundikwa mlangoni.

"Qabale binti Jaldesa, baba yako anataka kukuoza kwa Sora. Umeridhia?"

Hakujibu. Mwalimu akauliza mara ya pili. Bangili zikalia kidogo, basi. Uwanjani watu wakaanza kugeuza shingo, na Jaldesa akainamisha kichwa.

Mwalimu akauliza mara ya tatu.

"Nani mashahidi?" sauti ikatoka ndani.

"Ni mimi Gunga, mwanangu."

"Na mimi Jilo," akasema Jilo. "Nipo."

Ndipo Qabale akasema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa boma:

"Nimeridhia. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu kwamba nitakuwa mke wa Sora, nitamtunza yeye na nyumba yake, wala sitatazama nyuma. Mashahidi, mmesikia?"

"Nimesikia," akasema Gunga, akajifuta macho.

Mwalimu akamgeukia wa pili, akangoja.

"Nimesikia," akasema Jilo.