Maksai Wetu na Mkopo wa Mjini

Nikiona mtu mwenye viatu vya kung'aa ndani ya zizi, najua kuna jambo. Hapa Mwamkulu zizini tunaingia na ndala.

Asubuhi hiyo narudi kisimani, namkuta mgeni anawazunguka maksai wetu wawili wa kulimia. Anawapiga picha kwa simu. Anawaangalia meno. Mume wangu Masalu yuko pembeni, anachekacheka. Aliponiona, akanyamaza.

"Yule nani?" nikamuuliza mgeni alipoondoka.

"Rafiki tu, Mama Ngolo."

Rafiki tu! Kwetu Wasukuma, mgeni akija kukagua ng'ombe wako, mara nyingi anachagua mahari ya binti yake. Na Ngolo wetu hajafika hata darasa la pili. Sasa anayeoa ni nani? Nilikasirika mpaka ugali ukaungua.

Jioni jirani yetu Agatha alikuja. Yeye ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nikamuuliza mume wangu mbele yake.

"Baba Ngolo, unaoa?"

"Kuoa? Mimi?" Masalu alicheka. "Nakopa hela ya mbolea na mbegu za mpunga. Yule anatoka kampuni ya mikopo mjini. Anasema maksai watakuwa collateral. Ijumaa nasaini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kiingereza tu. Amesema ng'ombe wanabaki hapahapa."

Agatha hakucheka. "Shemeji, hajakudanganya, ila hajamaliza. Collateral ni dhamana. Ni mali unayomwahidi anayekukopesha. Unaendelea kuitumia, lakini huruhusiwi kuiuza mpaka umalize deni. Ukilipa, inabaki yako. Ukishindwa, anaichukua, anaiuza, anapata hela yake."

"Nitalipa!"

"Utalipa kwa kuuza nini?"

"Mpunga."

"Na mpunga unaulima na nini?"

Masalu akatazama zizi.

"Mvua ikikatika, maksai wanakwenda," nikasema. "Mwaka unaofuata tutalima kwa kucha?"

"Kukopa si kosa," Agatha akasema. "Ila weka dhamana kitu ambacho kikiondoka, bado mtalima. Na ni mali ya nyumba nzima. Kubalianeni wote wawili kabla ya kusaini."

Ijumaa tulikwenda wote mjini. Yule bwana wa viatu alitabasamu sana, nami sikumwamini hata kidogo. "Dhamana andika pikipiki yetu, si maksai," nikamwambia. Masalu alishtuka. Pikipiki yake aliiosha kuliko alivyoosha watoto! Bwana yule akasema kwa pikipiki mkopo utakuwa mdogo. "Basi tupe huohuo mdogo," nikajibu. Masalu akaguna, akakubali. Tukasaini.

Mwaka huo mvua ilikatika mpunga ukiwa bado mchanga. Tulivuna kidogo, tukauza, deni halikuisha. Wakaja kuchukua pikipiki. Waliiuza, wakakata deni lao, hela iliyozidi wakaturudishia, baada ya mimi kuidai. Masalu alinuna, akawa anakwenda sokoni kwa miguu. Nilimwonea huruma, kweli.

Kisha mvua mpya zikaanza. Wenzetu walihangaika kutafuta maksai wa kukodi. Masalu aliwafunga nira wa kwetu, akawaswaga mpaka shambani. Alisimama akawapapasa mgongoni.

"Nyie," akawaambia, "mngekuwa mmeshaliwa mjini."

Akashika plau, akaanza kulima.