Ujumbe wa Saa Kumi na Moja

Yaliyompata rafiki yangu Shamila, fundi wa kompyuta hapa Tabora, siwezi kuyaeleza. Mchana mmoja aliingia chumba cha seva kisicho na dirisha kusahihisha mfumo wa ujumbe: seva iliongeza tofauti ya saa tatu za Afrika Mashariki, na simu zikaziongeza tena, hivyo kila ujumbe ulionyesha saa tatu mbele. Alipomaliza, saa nane kamili, umeme ukakatika na mlango ukajifunga. Likawa giza totoro, seva zikinguruma kwa betri. Akampigia mlinzi, mzee Majidi.

"Tulia, mwanangu. Niko mbali, mtaa wa Cheyo, naja na ufunguo."

Mzee hajakata simu, mlango ukagongwa taratibu. Sauti ileile ikaita nje, "Shamila! Nimefika. Itika."

Akafumbua kinywa. Simu ikatetemeka mkononi: ujumbe kutoka namba yake mwenyewe, wa saa kumi na moja jioni.

"Usiitike. Mimi niliitika."